Kinga za Pikipiki: Ipi Yastahili Gharama?

Kila mwaka, ununuzi wa pamba unapofunguliwa katika Mkoa wa Simiyu, fedha huingia vijijini kwa muda mfupi, na haupiti muda kabla pikipiki mpya hazijaonekana barabarani. Mwamapalala, kata ya Wilaya ya Itilima iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Bariadi kabla mkoa huo haujaundwa mwaka 2012, haitofautiani na sehemu nyingine za Usukumani katika jambo hili. Pale ambapo zamani baiskeli ndiyo iliyombeba mgonjwa, mgeni na gunia la mpunga, leo kazi hiyo hufanywa na bodaboda. Hapana shaka kwamba chombo hiki kimeleta nafuu kubwa. Mama mjamzito hufika zahanati mapema, mwalimu hufika shuleni kabla ya kengele, na kijana asiye na shamba hupata riziki.

Pamoja na nafuu hiyo imekuja hatari. Njia nyingi za vijijini ni za udongo. Wakati wa kiangazi huwa na vumbi na kokoto zinazokimbia chini ya tairi, na wakati wa mvua udongo mweusi wa mbuga huteleza kama sabuni. Makundi ya ng'ombe huvuka njia asubuhi na jioni, na mikokoteni ya maksai husafiri gizani bila taa. Mwenye pikipiki mpya, kwa hiyo, hukabiliwa mara moja na swali la vifaa vya kinga. Fundi wa kuchomelea humshauri afunge vyuma vya kukinga injini na miguu. Mwenye duka la vipuri humwonyesha vikinga mikono, bamba la kufunika tumbo la injini, vikinga magoti, glavu, koti zito, buti na kofia ngumu. Fedha haitoshi kwa vyote. Anunue nini kwanza, na nini kinaweza kungoja msimu ujao?

Swali hili aghalabu hujibiwa kwa macho: kinachoonekana kizito na kigumu ndicho kinachodhaniwa kukinga. Jibu hilo si sahihi. Sayansi ya mgongano, ushahidi wa hospitali na hesabu za kawaida za nyumbani vyote vinaelekeza upande mmoja: kofia ngumu mbili, moja ya dereva na moja ya abiria, zinastahili kununuliwa kabla ya kipande chochote cha chuma. Vyuma vina faida yake, lakini faida hiyo ni ya chombo zaidi kuliko ya mtu.

Kinga ya chombo na kinga ya mwili

Kwanza yapasa kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa dukani. Baadhi ya vifaa hukinga pikipiki, na vingine humkinga mtu. Pikipiki inapoanguka kwa upande ikiwa imesimama, au ikitembea polepole katika tope, vitu vinavyovunjika ni vile vilivyochomoza: mshikio wa breki au wa klachi, kioo, indiketa, kikanyagio, na pengine kifuniko cha ubavu wa injini. Vyuma vilivyofungwa kwenye fremu hugusa ardhi kwanza, navyo huviokoa vitu hivyo. Hiyo ni faida ya kweli, hasa kwa mtu ambaye kifuniko cha injini kikipasuka hupoteza mafuta, siku kadhaa za kazi na gharama ya kipuri.

Lakini anguko la namna hiyo si lile linaloua. Ajali inayoua ni ile ambayo mtu hutengana na chombo. Pikipiki husimama dhidi ya ng'ombe, mti au gari, na mwili wa mtu huendelea mbele kwa kasi ileile uliyokuwa nayo. Wakati huo vyuma vimebaki nyuma pamoja na injini. Mtu yuko hewani, na alicho nacho ni kile tu alichovaa.

Kwa nini ugumu si kinga

Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kulithibitisha jambo hili kwa karatasi na kalamu. Kichwa cha mtu aliyeketi juu ya pikipiki kiko yapata mita 1.5 juu ya ardhi. Kikianguka kutoka kimo hicho, hufika chini kikiwa na kasi ya karibu mita 5.4 kwa sekunde, yaani kilomita 19 hivi kwa saa. Kasi hiyo hutokana na mvutano wa dunia peke yake, hata kama pikipiki ilikuwa imesimama. Swali la uhai na mauti ni hili: je, kasi hiyo inamalizwa katika umbali gani?

Kanuni ni nyepesi. Kichwa kilichoshuka mita 1.5 kikisimamishwa katika milimita 3, ambao ni umbali wa kubonyea kwa ngozi tu, hupunguza mwendo kwa wastani wa mara 500 ya mvutano wa dunia. Kikisimamishwa katika sentimita 3, hupunguza mwendo kwa wastani wa mara 50 tu. Umbali ukiongezeka mara 10, kani inayokiumiza kichwa hupungua mara 10. Ubongo, ambao ni laini na unaelea ndani ya fuvu, hauwezi kustahimili hali ya kwanza. Hali ya pili mara nyingi huweza kuistahimili.

Hizo sentimita 3 ndizo ambazo mnunuzi wa kofia ngumu analipia. Ndani ya kofia iliyotengenezwa vizuri, chini ya gamba la nje, kuna tabaka la povu gumu jeupe, jamaa ya lile linalofungia redio na televisheni ndani ya makasha. Gamba la nje hukinga dhidi ya jiwe lenye ncha na hutawanya pigo juu ya eneo kubwa. Povu hupondeka polepole, na katika kupondeka kwake hula nishati ambayo ingeingia kichwani. Mwanasayansi Charles Lombard wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California alipata hataza ya kofia ya namna hii mwaka 1953, na hadi leo msingi wake haujabadilika. Kwa kuwa povu likishapondeka halirudi, kofia iliyokwisha kupata pigo kubwa imemaliza kazi yake, hata kama gamba lake bado linang'aa.

Watu wa vijijini wanaijua kanuni hii bila kuiita fizikia. Anayepeleka mayai gulioni hayafungi katika sanduku la chuma tupu, bali huyazungushia pumba. Sanduku la chuma likianguka halivunjiki, ila mayai yaliyomo huvunjika yote. Vyuma vya kuchomelea, vinavyotengenezwa kwa bomba nene ili visipinde kamwe, ni kama sanduku hilo. Vinapogonga kitu kigumu havipondeki, hivyo hupeleka pigo lote katika fremu na kwa mtu aliyeketi juu yake. Zaidi ya hayo, vikichomoza mno vinaweza kunasa katika gurudumu la mkokoteni au ukingo wa makorongo na kuipindua pikipiki ambayo ingepita salama.

Ushahidi wa waliochunguza

Hoja ya fizikia peke yake haitoshi, kwa kuwa barabarani mambo ni mengi kuliko kwenye karatasi. Yafaa basi kutazama waliozichunguza ajali zenyewe.

Mwezi Mei 1935, T. E. Lawrence, askari na mwandishi Mwingereza, alianguka na pikipiki yake katika jimbo la Dorset bila kofia ngumu. Alifariki siku sita baadaye kwa jeraha la ubongo. Miongoni mwa waganga walioitwa alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Cairns aliendelea kuwachunguza wapanda pikipiki walioumia, na mwaka 1941 alichapisha matokeo yake katika jarida la madaktari wa Uingereza, akionyesha umuhimu wa kofia. Mwezi Novemba mwaka huohuo, jeshi la Uingereza liliamuru askari wake wote wa pikipiki wavae kofia ngumu. Uamuzi huo ulitokana na kuhesabu majeruhi kitandani.

Miaka 40 baadaye, mwaka 1981, ilitolewa taarifa ya uchunguzi ulioongozwa na Harry Hurt huko California. Watafiti wake walikwenda mahali penyewe palipotokea ajali zipatazo 900 katika eneo la Los Angeles, wakapima alama za barabarani, wakakagua vyombo na kuchunguza majeraha. Kuhusu vyuma vya kukinga miguu, jibu lao lilikuwa wazi. Vyuma hivyo vilipunguza majeraha ya kifundo na unyayo, lakini upungufu huo ulisawazishwa na ongezeko la majeraha ya paja, goti na muundi. Kwa maneno mengine, vilihamisha jeraha, havikuliondoa. Kuhusu buti, makoti na glavu, uchunguzi uligundua kwamba hupunguza michubuko na mikato, majeraha yanayotokea mara nyingi ingawa kwa kawaida si ya kuua. Kuhusu kofia ngumu, ilionekana wazi kuwa kinga kubwa ya kichwa, na haikuonekana kumzuia mvaaji kusikia sauti muhimu za barabarani wala kuona pembeni.

Mtu anaweza kusema, na kwa haki, kwamba Los Angeles si Mwamapalala. Kule wagongaji wakubwa ni magari madogo, njia ni za lami, na pikipiki nyingi ni kubwa kuliko hizi za vijijini. Kwa sababu hiyo ni vizuri kutazama karibu zaidi. Mwaka 2010 madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambayo hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka mikoa ya Kanda ya Ziwa, walichapisha uchunguzi wao wa majeruhi wa pikipiki. Sehemu za mwili zilizoongoza kwa kuumia zilikuwa mbili: mifupa na misuli, hasa ya miguu na mikono, na kichwa. Mguu uliovunjika ni msiba mkubwa kwa mkulima, wala haufai kudharauliwa. Hata hivyo mguu huunganishwa na mara nyingi hupona. Ubongo ulioharibika hauna kiungo cha kuuziba.

Mwisho, mwaka 2008 yalichapishwa mapitio yaliyokusanya tafiti 61 kutoka nchi mbalimbali. Yalionyesha kwamba, miongoni mwa wapanda pikipiki wanaopata ajali, kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Katika vifaa vyote vinavyoning'inia dukani, hakuna kingine chenye ushahidi wa kiasi hicho.

Hesabu ya darasani

Je, kinga inastahili gharama yake? Hesabu hufanywa kwa kulinganisha vitu viwili: gharama ya kifaa kwa mwaka, na hasara kinayoiepusha kwa mwaka. Hasara hiyo hupatikana kwa kuzidisha mambo matatu, yaani uwezekano wa ajali, ukubwa wa hasara, na sehemu ya hasara ambayo kifaa huiondoa. Tarakimu za fedha zitakazofuata ni za zoezi tu. Mwalimu anaweza kuzibadilisha kwa bei za gulio lake.

Tuseme vyuma vya kinga vinagharimu shilingi 40,000 na kudumu miaka 4. Gharama yake ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Tuseme pia kwamba pikipiki huanguka katika tope mara 2 kwa mwaka, kila anguko huvunja vitu vya shilingi 15,000, na vyuma huokoa nusu yake. Hasara inayoepushwa ni shilingi 15,000 kwa mwaka. Vyuma vimejilipa na kubakiza shilingi 5,000. Kwa hiyo asiyewahi kuanguka katika tope asivinunue, na anayeanguka mara kwa mara anaweza kuvinunua bila kujuta.

Sasa tuseme kofia ngumu inagharimu shilingi 50,000 na kudumu miaka 5, ambayo pia ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Tuseme uwezekano wa ajali ya kuumiza kichwa ni 1 katika 100 kwa mwaka, na jeraha hilo huigharimu familia shilingi 10,000,000 kwa matibabu, safari za Mwanza, ng'ombe waliouzwa na kazi iliyosimama. Kwa kutumia ile asilimia 69, hasara inayoepushwa ni 10,000,000 × 0.01 × 0.69, yaani shilingi 69,000 kwa mwaka. Kofia imejilipa karibu mara 7. Hata uwezekano wa ajali ukishuka hadi 1 katika 690 kwa mwaka, kofia bado hurudisha gharama yake. Na hesabu hii haijaweka bei ya uhai wenyewe, kwa kuwa uhai hauna bei ya gulioni.

Ni nani anayekingwa, na ni nani anayelipa?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ikiwa hesabu iko wazi namna hii, kwa nini vyuma huonekana juu ya pikipiki nyingi na kofia ya abiria haionekani?

Sababu kubwa si ujinga. Aghalabu kijana anayeendesha bodaboda si mwenye chombo. Hukipokea kwa tajiri kwa mkataba, akapeleka hesabu kila siku au kila juma hadi muda waliokubaliana uishe, ndipo pikipiki iwe yake. Katika mpango huo kila mtu hukinga kilicho chake. Vyuma hukinga mali ya tajiri, na kwa hiyo tajiri huwa tayari kuvigharimia kabla hajaikabidhi pikipiki. Kofia ya kwanza hukinga kichwa cha dereva, na dereva huinunua ikiwa amebakiwa na kitu baada ya hesabu, au akimwogopa askari wa usalama barabarani. Kofia ya pili hukinga kichwa cha abiria, ambaye hayumo katika mkataba, hakuulizwa, naye hukaa juu ya chombo kwa robo saa na kushuka. Basi haimhusu mtu yeyote.

Hali hii haiwezi kuachwa iendelee kwa kisingizio cha uhuru wa kuchagua. Abiria hachagui. Mwanafunzi anayewahi mtihani na mgonjwa anayewahi zahanati hupanda pikipiki iliyopo. Mwaka 2010 serikali ilitoa kanuni za leseni za pikipiki na bajaji zinazobeba abiria kwa malipo, na tangu hapo bodaboda si jambo la kificho tena. Ni huduma ya umma. Sheria za nchi zinamtaka mwendesha pikipiki na abiria wake wavae kofia ngumu. Upungufu uliopo ni kwamba gharama ya kutii sheria hiyo haikuwekwa mabegani mwa anayeweza kuibeba.

Kwa hiyo ni haki na busara kwamba pikipiki inayotolewa kwa mkataba ikabidhiwe pamoja na kofia mbili, na bei yake ihesabiwe ndani ya mkataba kama inavyohesabiwa bei ya tairi na betri. Ikigawanywa katika hesabu za mwaka mzima, bei hiyo huwa ndogo kiasi kwamba hapana anayeihisi. Tajiri naye hapotezi. Dereva aliyelazwa hospitali haleti hesabu.

Pingamizi zinazotolewa

Wapo wanaosema kwamba kofia ni joto. Ni kweli, hasa mchana wa Septemba na Oktoba. Joto, hata hivyo, ni usumbufu unaokwisha safari inapokwisha. Kofia zenye matundu ya hewa na zinazoacha uso wazi hupunguza usumbufu huo, na ingawa hazikingi taya, ni bora mara nyingi kuliko kofia kamili iliyoning'inizwa kwenye usukani.

Wengine, hasa abiria, huchukia kuvaa kofia iliyovaliwa na watu kumi kabla yao, kwa kuogopa jasho na mapunye. Hofu hii si ya kubezwa. Dawa yake ni kitambaa chepesi kinachovaliwa chini ya kofia, ambacho kila abiria anaweza kuwa nacho mfukoni, pamoja na kuianika na kuifuta kofia kila siku. Anayesafiri kila siku, kama mwalimu, ana haki ya kushauriwa anunue yake mwenyewe.

Wapo pia wanaosema kwamba kofia hujaribiwa kwa kasi ndogo, basi haina maana kwa anayekwenda kilomita 60 kwa saa. Katika kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa, iliyoanza kutumika mwaka 1972, jaribio la msingi kwa miaka mingi limekuwa la kuigongesha kofia kwa mita 7.5 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 27 kwa saa. Lakini mwanafunzi aliyefuata hesabu ya hapo juu anajua jibu. Mara nyingi kichwa hupiga ardhi kwa kasi ya kuanguka, na kasi ya mbele humalizika kwa kuteleza. Kilomita 27 ni zaidi ya kasi ya kuanguka kutoka juu ya pikipiki.

Hata hivyo pingamizi hili lina ukweli mmoja unaofaa kukumbukwa. Nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi. Anayetoka kilomita 40 kwenda 60 kwa saa haongezi nusu tu ya hatari, bali nishati yake inakuwa mara 2.25. Kugonga mti kwa kilomita 40 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita 6, na kwa kilomita 60 ni sawa na kuanguka kutoka mita 14. Hakuna kofia wala chuma kinachoweza kuifuta hesabu hiyo. Kupunguza mwendo ni kinga isiyouzwa dukani, nayo haigharimu chochote ila dakika chache.

Utaratibu wa kununua

Mwenye fedha kidogo anaweza kufuata utaratibu ufuatao. Kwanza, breki zilizorekebishwa, matairi yenye meno na taa inayowaka, kwa kuwa ajali iliyoepukwa ni bora kuliko kinga yoyote. Taa iwashwe hata mchana, kwani uchunguzi wa Hurt ulionyesha kwamba inapunguza ajali. Pili, kofia mbili. Tatu, viatu vinavyofunika kifundo na suruali nzito, badala ya kandambili na kaptula. Nne, glavu na koti. Tano, ndipo vyuma, navyo visichomoze kupita ncha za usukani.

Katika kununua kofia, mnunuzi asiridhike na rangi. Atazame ndani na kubonyeza kwa kidole. Kama chini ya kitambaa hakuna povu gumu lenye unene wa vidole viwili hivi, hiyo ni bakuli, si kinga. Kofia ya fundi mwashi nayo haifai, maana imekusudiwa kuzuia tofali linaloanguka, si kichwa kinachoanguka. Alama ya herufi E ndani ya duara huonyesha kwamba kofia imekubaliwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa, ingawa alama huweza kughushiwa, na hapo ndipo Shirika la Viwango Tanzania lenye dhamana ya ubora linapotegemewa na mnunuzi asiye na maabara. Hatimaye mkanda wa kidevu ufungwe. Kofia isiyofungwa hufika chini kabla ya mwenyewe.

Kwamba mabadiliko yanawezekana si ndoto. Nchini Vietnam, ambako pikipiki ndiyo usafiri wa watu wengi kuliko chombo kingine, kofia zilikuwa chache hadi sheria ilipowalazimisha wapanda pikipiki wote, katika barabara zote, kuanzia tarehe 15 Desemba 2007. Kwa muda mfupi uvaaji ukapita asilimia 90. Watu walikuwa walewale, joto lilikuwa lilelile, na mapato yao hayakuwa makubwa. Kilichobadilika ni kwamba jambo lilihimizwa kwa wote kwa pamoja, wala hapana aliyeonekana wa ajabu kwa kuvaa.

Shule za sekondari za Itilima na Bariadi zina nafasi yake katika kazi hii. Chama cha sayansi kinaweza kuchukua makopo matatu: moja jembamba tupu, moja zito la chuma, na moja lililosheheni pamba, zao ambalo Simiyu haikosi. Yai lifungwe katika mfuko safi, litiwe ndani ya kila kopo, na makopo yaangushwe kutoka mita 1.5. Wanafunzi waandike matokeo, kisha waulizane ni kopo lipi linalofanana na vyuma na lipi linalofanana na kofia. Baada ya hapo wahesabu kwa siku moja pikipiki zinazopita mbele ya shule: ngapi zina vyuma, ngapi dereva wake ana kofia, na ngapi abiria wake anayo. Tarakimu hizo zipelekwe kwa wazazi na viongozi wa madereva wa kata, kwa sababu wao ndio watakaoandika mikataba ya msimu ujao, na nafasi ya kofia ya pili ni ndani ya mikataba hiyo.